Wazimu Haupigi Gitaa

Kuna imani iliyoota mizizi hata kwa wapenzi wa blaki metali wenyewe. Kwamba tawi hili la roki nzito, lenye baridi na upweke ndani yake, hutungwa na watu waliorukwa na akili huko thelujini, na kwamba pasipo wazimu wao lisingekuwapo. Ni uongo, na ni dharau kwa mafundi na kwa wagonjwa pia.

Tuanze na hiyo theluji. Bergen, mji wa Norwei uliotoa bendi za Burzum na Immortal, ni mji wa mvua. Uko pwani, wastani wa joto la Januari hauanguki chini ya sifuri, na mvua hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Immortal walipotaka nchi ya barafu, waliibuni wakaipa jina, Blashyrkh. Isitoshe, vijana wa blaki metali wa Norwei waliwahusudu Sarcófago, bendi ya Belo Horizonte, Brazili, ambayo mwaka 1987 ilitoa albamu ya I.N.R.I., dramu zikienda mbio za ajabu. Brazili, jamani!

Baridi hiyo, basi, hutengenezwa. Mpiga gitaa huchapa uzi uleule upesiupesi mpaka sikio lishindwe kutenga pigo na pigo, lisikie mvumo mmoja mpana. Dramu zinakimbia ilhali tuni yenyewe inabadilika polepole, hivyo msikilizaji huhisi anakimbizwa na papo hapo amesimama. Sauti ya mwimbaji husukumwa nyuma, ndani ya mwangwi, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Varg Vikernes wa Burzum, aliporekodi albamu ya Filosofem Machi 1993, aliomba maikrofoni mbovu kuliko zote akapewa ya kuvaa kichwani. Gitaa akaliunganisha kwenye stirio ya ndugu yake. Ubovu ule aliuchagua. Kisha akapiga vyombo vyote peke yake, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikifuata kwa makini kilichotangulia. Asiye na utulivu haiwezi kazi hiyo.

Najua nitajibiwa kwamba Vikernes huyohuyo alimuua Euronymous wa bendi ya Mayhem Agosti mwaka ule, akahukumiwa kifungo cha miaka 21. Kweli. Lakini Filosofem ilikuwa imerekodiwa miezi mitano kabla. Mauaji hayakuiongezea hata noti moja, yaliiongezea wanunuzi.

Na maradhi ya akili yenyewe yalileta nini? Per Yngve Ohlin, mwimbaji wa Mayhem, alijiua mwaka 1991 akiwa na miaka 22. De Mysteriis Dom Sathanas, albamu ambayo sehemu kubwa ya mashairi yake aliyaandika yeye, ilitoka 1994 ikiimbwa na Attila Csihar, Mhungaria. Wanaodai mateso ndiyo yaliyompa kipaji watuambie mbona yalimnyima hata nafasi ya kuiimba.

Halafu yupo Fenriz wa Darkthrone, bendi iliyotoa Transilvanian Hunger mwaka 1994, rekodi yenye baridi kuliko zote nizijuazo. Kwa miaka mingi bwana huyu amekuwa mfanyakazi wa posta. Aliwahi hata kuchaguliwa diwani wa akiba kwao Kolbotn, baada ya kutoa picha ya kampeni akiwa na paka wake, akiwasihi majirani wasimpigie kura.