Goma: bei ya simu na bei ya noti

Tangu benki zifungwe mjini Goma, M23 ilipoingia mwisho wa Januari 2025, simu ndiyo inabeba biashara. Mama muuza makala anapokea malipo kwa simu ndogo ya vitufe, bila intaneti. Hilo ni jambo zuri.

Shida iko kwenye kutoa. Noti ni chache, basi wakala anakata zaidi ya ada ya kampuni, na wauzaji wengine wanapandisha bei kwa anayelipa kwa simu. Familia ya wahamaji iliyotumiwa dola 20 na ndugu itafanya nini? Ikitoa inakatwa kwa wakala, isipotoa inakatwa dukani.

Muuzaji anayelipa mwenye jumla kwa simu hiyohiyo hana haki ya kuongeza hata franka 100. Kamati za masoko zidai bei moja, iandikwe mlangoni.