Ajrakh: Kitambaa Kinacholilia Maji

Wahindi wengi wa Kenya wana asili ya jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Baadhi yao, mababu zao walipanda majahazi katika bandari ya Mandvi, wilaya ya Kutch, wakaletwa na upepo wa kaskazi hadi Mombasa na Unguja. Leo hebu tuizuru wilaya hiyo ya Kutch.

Ni nchi kame, yenye jangwa la chumvi. Hata hivyo, imejaliwa mafundi hodari. Wapo wafumaji wa kijiji cha Bhujodi, wapo wanawake wanaotarizi nguo kwa vioo vidogo vidogo, na wapo Wakhatri, wachapaji wa kitambaa kiitwacho ajrakh. Inasimuliwa kwamba wazee wao walitoka Sindh katika karne ya 16.

Usidhani kazi yao ni kupaka rangi tu. Kitambaa cha pamba huoshwa na kuoshwa tena, kisha hupigwa chapa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa kwa mkono. Chokaa na gundi huzuia rangi isiingie pasipotakiwa. Rangi nyeusi hutokana na vyuma vikuukuu vilivyolowekwa pamoja na sukari guru kwa siku nyingi, kisha ikafanywa nzito kwa unga wa kokwa za ukwaju. Shabu husaidia wekundu wa mizizi kushika, nayo nili huleta buluu. Hatua ni zaidi ya 10, na kitambaa kimoja huweza kuchukua majuma kadhaa.

Kama ulivyoona, maji ndiyo roho ya kazi hii. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mnamo Januari 26, 2001, tetemeko kubwa la ardhi liliikumba Kutch na kuua maelfu ya watu. Katika kijiji cha Dhamadka, makao makuu ya ajrakh, nyumba ziliporomoka. Isitoshe, maji ya visima yalizidi madini ya chuma, na chuma huharibu rangi. Familia nyingi zililazimika kuhama na kuanzisha kijiji kipya karibu na mji wa Bhuj. Walikiita Ajrakhpur, yaani mji wa ajrakh. Hata huko, maji ni ya kuchimbwa chini ya ardhi, nayo si hazina isiyokwisha.

Balaa la pili halikutoka ardhini bali sokoni. Hapo zamani wanunuzi wa ajrakh walikuwa wafugaji majirani, waliojifunga kitambaa hicho kiunoni na kukipiga kilemba. Vilipokuja vitambaa rahisi vya viwandani, wafugaji wakavikimbilia. Wachapaji wengi nao wakaacha rangi za asili, wakatumia za kemikali. Ni katika miaka ya 1970 ambapo mzee Mohammad Siddik Khatri alizirudia rangi za mababu na kuwafundisha wanawe. Mmoja wao, Ismail, alitunukiwa shahada ya heshima ya udaktari na Chuo Kikuu cha De Montfort, Uingereza, mwaka 2003.

Siku hizi ajrakh inapendwa na matajiri wa mijini, lakini mashine huiga michoro yake kwa saa chache na kuiuza kwa bei ya kutupa. Mnunuzi asiyejua hudhani ni kitu kile kile. Fundi atashindana vipi na mashine? Na mwanawe, akiona jasho la baba halilipwi, kwa nini asitafute kazi kiwandani?

Wahenga walinena kuwa rahisi huvunja upishi. Basi ukiuziwa nguo na kuambiwa ni ya mkono, itazame kwa makini. Vibao vinapokutana huacha kasoro ndogo ndogo, ilhali mashine haikosei hata nukta. Kasoro hiyo ndiyo sahihi ya fundi. Usiitumie kuomba upunguziwe bei.