KUTU HAIANDIKIWI BARUA



Masika iliyopita, katika stoo moja ambayo hatutaitaja, lilifunguliwa sanduku la laina za silinda za injini ya dizeli. Laina zilikuwa mpya, hazijafanya kazi hata siku moja, ila zilikuwa zimekaa humo miaka minne. Karatasi ilikuwa imechanika. Grisi ilikuwa imekauka kama gundi upande mmoja, na upande wa pili haipo kabisa. Ndani ya laina tatu kutu ilikuwa imekwisha chimba vishimo, ukipitisha ukucha unakwama. Kutu ya juu juu hufutwa, lakini vishimo havifutiki, na laina ya namna hiyo ni chuma chakavu. Siku ya tatu mwenzetu wa stoo akaletewa barua aeleze kwa nini asikatwe mshahara.

Hapo ndipo sisi tunapotaka kusema neno.

Elimu ya wengi wetu ni ya shule ya msingi tu, lakini kutu tunaijua. Inataka maji na hewa, basi. Chumvi ya bahari huiharakisha, kama wenzetu wa Mombasa wanavyojua. Wala si lazima bati livuje. Usiku chuma hupoa. Asubuhi mlango unafunguliwa, hewa ya joto yenye unyevu inaingia na kukuta chuma bado ni baridi, na maji yanatokea juu yake kama juu ya chupa ya soda. Mvua haikunyesha ndani, na spea imelowa. Je, umande nao utaandikiwa barua?

Kazi ya kuhifadhi spea si siri. Kwanza chuma kioshwe kiwe safi, kisha kikauke kabisa, maana ukipaka mafuta juu ya maji umeyafungia maji ndani. Baada ya kukauka kisishikwe kwa mikono mitupu, kwa kuwa jasho lina chumvi, na alama ya kidole juu ya beringi huweza kuonekana baadaye kwa rangi ya kutu. Kipakwe mafuta ya kuhifadhia au grisi yake, kifungwe kwa karatasi yenye dawa ya kuzuia kutu, kisha kizibwe vizuri, kwani dawa ya karatasi hiyo hufanya kazi kwa mvuke wake, na ikiachwa wazi inapotea. Kisikae juu ya sakafu ya simiti. Tarehe iandikwe nje, na baada ya miezi kadhaa kikaguliwe na kupakwa tena. Vitu vya mpira viwekwe mbali na grisi.

Lakini mafuta hayo yako wapi? Tumeona watu wakipewa oili chafu iliyomwagwa kutoka injini wapakie spea mpya. Oili hiyo imekwisha beba asidi na maji ya ndani ya injini. Kuipaka ni kupanda kutu kwa brashi. Na muda uko wapi? Kukagua stoo hakumo katika zamu ya mtu yeyote. Hufanywa mkubwa anapotarajiwa kutembelea.

Tusijifiche, makosa mengine ni yetu. Tunachana karatasi ili tuone namba ya spea, kisha tunaondoka. Tunatoa sanduku lililo karibu na mlango, lile la zamani linabaki nyuma mwaka baada ya mwaka. Vile vifuko vidogo vya punje za kunyonya unyevu tunavitupa kama takataka. Mwanachama afanyaye hivyo anamtegea mwenzake mtego.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Neno ni makusudi. Mtu aliyeomba grisi akanyimwa hakukusudia kutu.

Kwa hivyo tunataka Chama kilipeleke jambo hili mezani: ukaguzi wa spea uandikwe katika zamu kama kazi nyingine yoyote, na mafuta, karatasi na glavu zitolewe kabla ya lawama. Nanyi wenzetu wa stoo, msiombe kwa mdomo. Ombeni kwa maandishi, mwandike tarehe, mbaki na nakala. Sanduku likifika limechanika, lipokeeni mbele ya shahidi na mwandike hali yake siku hiyo hiyo.

Mwenzetu wa zile laina anajibu barua yake wiki ijayo, na mwakilishi wa Chama atakaa naye. Daftari lake analo. Ndani yake mna maombi matatu ya grisi, na hakuna hata moja lililojibiwa.

Sisi wenzenu wa karakana.