AFYA NYUMBANI: Anaita "papa", watu wanasikia "mama"

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo tuliloliona hapa hapa kambini. Kuna mtoto wa miaka 6, mwenye akili nzuri, ameacha shule. Wenzake wanamcheka ati anasemea puani. Akiita "papa", wao wanasikia "mama". Mdomo wake kwa nje ni mzima, basi hakuna aliyefikiria kumtazama ndani.

Ebu pitisheni ulimi juu ndani ya mdomo, toka kwenye meno kwenda nyuma. Mbele ni pagumu, nyuma ni palaini. Hilo ndilo kaakaa laini, na mwisho wake kunaning'inia kimio. Tukitamka p, b, t, s ao k, kaakaa laini linapanda na kufunga njia ya pua kama mlango. Tukitamka m na n, mlango unabaki wazi. Kaakaa likiwa limepasuka ao ni fupi, mlango haufungi. Hewa inatorokea puani, na p inageuka m.

Wengi wanasema: tungoje, atakua, sauti itanyooka yenyewe. Hapana, ndugu zetu. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa watoto 558 waliozaliwa na kaakaa lililopasuka, huko Brazili, Uingereza, Denmaki, Norwe na Uswidi. Wamoja walipangiwa operesheni wakiwa na miezi 6, wengine miezi 12. Walipofika miaka 5, sauti zao zilirekodiwa na kusikilizwa. Kwa wale wa miezi 6, karibu 9 kwa kila 100 mlango ulikuwa haufungi vizuri. Kwa wale wa miezi 12, walikuwa 15 kwa kila 100. Miezi sita tu, na tofauti inasikika!

Lakini tuelewane: wale walikuwa watoto wenye afya ya kutosha kwa operesheni. Siku ya operesheni anaipanga daktari, akiangalia kilo na afya ya mtoto.

Basi tufanye nini? Mtoto akizaliwa, tumtazame ndani ya mdomo kwenye mwanga. Maziwa yakitokea puani mara kwa mara, tumpeleke. Kwa mkubwa kidogo, weka kioo chini ya pua, aseme "papa, papa". Kioo kikishika mvuke, mpeleke kituo cha afya, uliza barua ya rufaa. Kukata kimio hakusaidii, kunaleta damu na vidonda tu.

Na yule wa miaka 6? Hajachelewa kabisa. Operesheni bado inaweza kumsaidia, pamoja na mazoezi ya kutamka. Huo si ulaani, wala si kosa la mama yake. Wakati anangoja, tuwaambie watoto wetu wasimcheke. Arudi shuleni.

Tuonane mwezi ujao.