Wazee wetu Brussels: pensheni pungufu na siku 29 za kwenda nyumbani

Mwaka 2025 ulikuwa mwaka wa migomo nchini Ubelgiji. Tarehe 14 Oktoba makumi ya maelfu ya watu waliandamana katika barabara za Brussels, na kuanzia tarehe 24 hadi 26 Novemba vyama vya wafanyakazi viliitisha mgomo wa siku tatu uliovuruga usafiri, shule na huduma nyingi za umma. Malalamiko yalikuwa mengi, lakini lililotangulia yote lilikuwa suala la pensheni. Serikali ya Waziri Mkuu Bart De Wever, iliyoapishwa Februari 2025, ilisema kuwa nchi haiwezi kuendelea kubeba gharama za wastaafu kama ilivyokuwa zamani. Wafanyakazi nao walijibu kuwa si haki mzigo huo kutwishwa wale waliokwisha kuchoka.

Katika kelele zote hizo, waliohojiwa walikuwa madereva wa treni, walimu na wazima moto. Kuna kundi moja ambalo sauti yake haikusikika sana: wazee wenye asili ya Kongo, Rwanda na Burundi wanaozeekea katika mji huu. Makala haya yanawahusu wao. Yanatuhusu pia sisi tulio katika miaka ya arobaini na hamsini, kwani tumesimama katika foleni hiyohiyo, ila nyuma kidogo.

Kwanza tuangalie hali ya nchi kwa jumla. Ubelgiji ina watu zaidi ya milioni 11.7, na mtu mmoja kati ya kila watano ametimiza miaka 65 au zaidi. Wastani wa umri wa kuishi ni takriban miaka 82. Katika baadhi ya miji ya pwani ya Bahari ya Kaskazini, kama Koksijde na Knokke-Heist, wazee wa umri huo ni zaidi ya theluthi moja ya wakazi. Brussels ni kinyume chake. Mkoa huu wenye manispaa 19 ndio wenye vijana wengi zaidi nchini, na wazee wake hawafiki hata asilimia 15. Sababu moja kubwa ni wageni: vijana wanaingia kutoka nje, na Wabelgiji wengi wanahamia Flanders au Wallonia wanapopata familia au wanapostaafu.

Lakini wageni nao huzeeka. Wamoroko na Waturuki walikuja kwa mikataba ya kazi iliyotiwa saini mwaka 1964, na wengi wao waliingia moja kwa moja migodini, viwandani na katika ujenzi. Kwa hiyo michango yao ya hifadhi ya jamii ilianza kuhesabiwa mapema. Kwa Wakongo hapakuwa na mkataba wa namna hiyo. Baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, waliokuja Brussels walikuwa hasa wanafunzi, watumishi wa balozi na wafanyabiashara. Mtaa wa Matonge, hapo Ixelles karibu na Porte de Namur, ulichukua jina la mtaa wa Kinshasa na ukakua kandokando ya wanafunzi hao. Wengi hawakuwa na nia ya kukaa. Walikuja kuchukua shahada na kurudi. Kisha ikaja miaka ya 1990 na vita vyake, na waliofuata walikuwa wakimbizi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi, wengi wao wakiwa watu wazima wenye taaluma mkononi na watoto mgongoni.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa mbaya. Pensheni ya mfanyakazi wa kawaida Ubelgiji hupigwa kwa miaka 45 ya kazi, na asiye na mke au mume anayemtegemea hupewa asilimia 60 ya wastani wa mshahara wake. Tuchukue mfano wa mtu aliyezaliwa mwaka 1959. Amefika mwaka 1994 akiwa na miaka 35. Amesubiri hati za ukaazi hadi 1999, na tangu hapo amefanya kazi bila kupumzika hata mwaka mmoja mpaka alipofikisha miaka 65 mwaka 2024. Ana miaka 25 tu kati ya 45. Ukipiga hesabu, pensheni yake ni theluthi moja ya wastani wa mshahara wake. Pensheni ya kima cha chini nayo haimfikii, kwa kuwa inadai angalau miaka 30 ya kazi. Na huyo ni mtu aliyebahatika kutokosa kazi hata siku moja.

Ukweli ni kwamba wengi walikosa. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 na Wakfu wa Mfalme Baudouin kuhusu Wabelgiji wenye asili ya Kongo, Rwanda na Burundi ulionyesha kuwa kiasi cha asilimia 60 ya waliohojiwa walikuwa na elimu ya juu, lakini ukosefu wa kazi kati yao ulikuwa takriban mara nne ya wastani wa taifa. Zaidi ya nusu ya waliokuwa na kazi walifanya kazi iliyo chini ya elimu yao. Mwanasheria wa Bukavu alisafisha ofisi, na mwalimu wa Bujumbura akabeba mizigo ghalani. Mshahara mdogo wa jana ndio pensheni ndogo ya leo.

Sasa umri wa kustaafu nao unasogezwa. Sheria ya mwaka 2015, iliyopitishwa wakati wa serikali ya Charles Michel, iliuweka kuwa miaka 66 kuanzia Februari 2025 na miaka 67 kuanzia mwaka 2030. Makubaliano ya serikali ya De Wever yaliongeza adhabu kwa anayestaafu mapema bila kuwa na miaka 35 ya kazi halisi: kupunguziwa asilimia 2 kwa kila mwaka anaowahi, na kiwango hicho kufika asilimia 5 baadaye. Ni nani kati ya mama zetu waliofanya kazi za nusu siku, za mkataba wa miezi mitatu mitatu, anayeweza kuonyesha miaka 35 kamili?

Je, dola ya Ubelgiji inawaacha wazee hao wafe njaa? Hapana, na lazima tuseme haki. Kuna msaada wa kipato kwa wazee, unaojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, GRAPA, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001. Unawafikia takriban watu laki moja nchini, wengi wao wanawake. Mbelgiji au mkimbizi anayetambuliwa mwenye umri unaotakiwa na kipato kisichotosha anaweza kuupata. Ila msaada huu una macho makali. Nyumba aliyoijenga mzee kwao kwa miaka ya kujinyima huingizwa katika hesabu. Anayeishi peke yake hupata mara moja na nusu ya kiasi cha anayeshiriki makazi na wengine, isipokuwa baadhi ya ndugu wa karibu ambao sheria inawaacha nje. Wajane wawili wa kijiji kimoja wakiamua kukaa nyumba moja ili kupunguza kodi na upweke, kila mmoja anakatwa.

Sharti linalouma zaidi ni lile la kusafiri. Anayepokea GRAPA haruhusiwi kukaa nje ya Ubelgiji zaidi ya siku 29 kwa mwaka. Akizidisha, malipo yanasimamishwa. Tangu Julai 2019 kazi ya kuhakikisha kuwa mzee yupo nyumbani ilipewa mtu wa posta, ambaye hubisha hodi na kuomba kitambulisho. Ukaguzi huo ulisimamishwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, na baadaye masharti yakalegezwa. Waliotimiza miaka 80 na wanaoishi katika nyumba za wazee hawaguswi. Kwa mengine, kanuni ya siku 29 ilibaki.

Hoja ya serikali inaeleweka. Fedha hizi si michango ya mzee mwenyewe bali ni kodi ya wananchi, na zimekusudiwa anayeishi hapa. Lakini tufikirie maana yake kwa mtu wa kwetu. Kaka yake amefariki Uvira. Ndege hadi Bujumbura au Kigali, kisha barabara na mpaka, huku na huku ni siku kadhaa. Kuna mazishi, kuna matanga, kuna kikao cha ukoo kuhusu shamba. Mzee ndiye mkubwa aliyebaki na bila yeye kikao hakikai. Akimaliza hayo, mwaka wake umekwisha, na akifiwa tena baada ya miezi mitatu atalilia sebuleni Anderlecht. Wazee walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sheria hii inamwambia mzee kuwa akirejea ngamani, aache chakula chake huku.

Mwaka 2017 bunge lilijaribu kuongeza kikwazo kingine: miaka 10 ya ukaazi kabla ya kupata GRAPA. Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo Januari 2019. Tunalitaja hili kwa sababu linaonyesha kuwa vikwazo hivi havikuandikwa juu ya jiwe. Vinapingwa, na wakati mwingine vinaanguka. Halikadhalika, tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliwapa ushindi wanawake watano, wote wamepita miaka 70, waliochukuliwa kutoka kwa mama zao Kongo wakiwa watoto kwa kuwa baba zao walikuwa wazungu. Mahakama iliitia hatiani dola ya Ubelgiji kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu na kuamuru kila mmoja alipwe euro 50,000. Haki ilifika ikiwa na mvi, lakini ilifika.

Historia ya pensheni yenyewe ina somo lake. Tarehe 16 Juni 1960, wiki mbili kabla ya uhuru, Ubelgiji ilitunga sheria ya kudhamini hifadhi ya jamii ya waajiriwa wa Kongo na Ruanda-Urundi waliokuwa katika mifuko ya kikoloni, yaani hasa Wazungu. Askari Waafrika wa Force Publique hawakupata dhamana ya namna hiyo. Koplo Albert Kunyuku, aliyepelekwa hadi Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, alivishwa nishani na Mfalme Philippe mjini Kinshasa Juni 2022, akiwa na miaka 100. Nishani ni heshima, lakini haipikwi.

Kuna usemi unaopendwa kwetu kwamba Wazungu huwatupa wazee wao. Tusiukubali haraka hivyo. Sheria ya kiraia ya Ubelgiji inawawajibisha watoto kuwatunza wazazi wasiojiweza. Ni kweli pia kwamba katika wimbi la kwanza la korona mwaka 2020, zaidi ya nusu ya waliokufa nchini walikuwa wakazi wa nyumba za wazee, na shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kali Novemba mwaka huo. Lakini tuangalie ni nani wanaowaosha, kuwalisha na kuwageuza kitandani wazee hao. Katika nyumba nyingi za Brussels ni wanawake wa Kiafrika, dada zetu. Wanainua miili ya wengine mpaka migongo yao inaharibika, kisha wanaambiwa wafanye kazi hadi miaka 67.

Nyumbani nako mambo yanabadilika polepole. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya ilifungua mpango wake wa shilingi 2,000 kwa wenye miaka 70 mwaka 2018. Uganda hulipa shilingi 25,000 kwa wenye miaka 80. Ni fedha kidogo, lakini hazimuulizi mzee alifanya kazi ofisi gani. Katika Kongo na Burundi mkulima wa kawaida bado hana kitu ila watoto wake, na mara nyingi mtoto huyo yuko Brussels, akikatwa mchango wa pensheni kwa mkono mmoja na kutuma fedha kwa mkono mwingine.

Kwa hiyo tunawashauri wasomaji wetu wa Ubelgiji mambo mawili. La kwanza, fungueni rekodi yenu ya kazi kwenye mtandao wa mypension.be sasa hivi, si mwaka wa mwisho, na hakikisheni kila mwajiri ameonekana humo. La pili, uamuzi wa kukatwa pensheni au GRAPA si neno la mwisho. Mtu ana miezi mitatu ya kwenda Mahakama ya Kazi, na kufungua shauri hakulipiwi.

Zaidi ya hapo ni siasa. Jumuiya zetu hukusanyika haraka kwa msiba, na ni jambo jema. Zingejitokeza hivyohivyo katika mjadala wa pensheni, pamoja na vyama vya wafanyakazi, huenda suala la siku 29 lingeingia katika madai yao. Aliyezeeka leo hana tena nguvu ya kuandamana kutoka Gare du Nord. Sisi bado tunayo.