Tabasamu la Fizi: Faida Iko Wapi?

Wiki hii ukurasa huu unaziacha kando bei za mazao na kuitazama bidhaa ambayo wasomaji kadhaa wameanza kuiulizia: sindano ya kurekebisha tabasamu linaloonyesha fizi. Wapo walioombwa kuchangia mtaji katika kliniki za urembo, na wapo wanaotaka kununua hisa za mtengenezaji. Haya ni mambo mawili tofauti, na ni hatari kuyachanganya.

Bidhaa yenyewe ni sumu. Ni ile ile inayotokana na bakteria wa chakula cha kopo kilichoharibika, ila kwa kiasi kidogo mno. Ikidungwa kwenye msuli unaoinua mdomo wa juu, msuli hulegea na mdomo haupandi hadi kuziacha fizi wazi. Mwaka 2008 Mario Polo, daktari wa kupanga meno wa Puerto Rico, alichapisha matokeo ya wagonjwa 30. Wiki mbili baada ya sindano, mdomo ulikuwa umeshuka kwa wastani wa milimita 5.1. Baada ya hapo fizi zilianza kurudi taratibu. Kwa kawaida nguvu ya dawa huisha baada ya miezi mitatu hadi sita, na mteja hulazimika kulipa tena.

Kwa mfanyabiashara, habari hiyo ni tamu. Mwaka 1991 kampuni ya Allergan ilinunua dawa hii, iliyokuja kuitwa Botox, kwa takriban dola milioni 9 tu. Mwaka 2020 AbbVie iliinunua Allergan nzima kwa takriban dola bilioni 63. Mwaka 2023 Botox ya urembo iliiingizia AbbVie zaidi ya dola bilioni 2.6.

Hata hivyo, mwaka huo huo Botox ya tiba, kama vile ya kipandauso na kukakamaa kwa misuli, iliingiza fedha nyingi zaidi, karibu dola bilioni 3. Anayenunua hisa kwa sababu ya tabasamu ananunua duka zima kwa kupenda kitu kimoja dirishani. Tena kampuni hairuhusiwi kuitangaza sindano ya fizi nchini Marekani, kwa kuwa matumizi hayo hayamo katika kibali cha dawa. Daktari anaweza kuitoa kwa uamuzi wake, lakini mtengenezaji hana ruhusa ya kuipigia debe. Allergan inalijua hilo vizuri: mwaka 2010 ilikubali kulipa dola milioni 600 kwa kutangaza matumizi mengine yasiyo na kibali.

Tuje kwenye kliniki, ambako ndiko fedha za msomaji wa kawaida zinakoweza kupotea. Tabasamu la fizi huhitaji yuniti chache, mara nyingi chini ya 10. Kichupa kina yuniti 50 au 100. Maelekezo ya mtengenezaji yanataka kichupa kikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kitumike kwa mgonjwa mmoja, na kikishachanganywa kitumike ndani ya saa 24. Sasa piga hesabu. Ukimhudumia mteja mmoja wa fizi kwa kufuata maelekezo, sehemu kubwa ya bidhaa uliyoilipia unaimwaga. Hapo ndipo vishawishi vinapoingia: kukitunza kichupa hadi wiki ijayo, kuongeza maji, au kutafuta mzigo wa bei rahisi usiojulikana ulikotoka. Mwezi Aprili 2024 mamlaka za Marekani zilitangaza kwamba Botox bandia ilikuwa imekutwa katika majimbo kadhaa, na baadhi ya waliodungwa walilazwa hospitali. Kama hayo yametokea kwenye soko lenye ukaguzi mkali kiasi hicho, muagizaji wa huku ana kila sababu ya kuwa mwangalifu.

Lipo pia suala la mteja asiyefaa. Fizi huonekana kwa sababu nyingi. Wengine mfupa wa taya la juu ni mrefu, wengine meno yao yamefunikwa na fizi, na kwa hao wa mwisho daktari wa meno hupunguza fizi mara moja, kazi ikaisha. Kliniki yenye sindano peke yake haitakuwa na haraka ya kumwambia mteja hivyo, maana tiba ya kudumu inamwondoa kwenye daftari la wateja.

Kwa maoni yangu, hisa za mtengenezaji zinaweza kufikiriwa, ila kwa mizania ya kampuni nzima. Kuhusu kliniki, ningesubiri. Andiko la mradi likiletwa mezani, ruka kurasa za faida kwanza. Uliza daktari ni nani na amesajiliwa wapi, dawa imesajiliwa na mamlaka ya dawa ya nchi au la, stakabadhi za muuzaji ziko wapi, na umeme ukikatika usiku jokofu linawashwa na nini.