SI MSHAHARA ULIOUA VIWANDA VYA NGUO



Kila wakubwa wanapokutana kuzungumza habari ya viwanda vya Kenya, hutolewa neno moja: kwamba viwanda vyetu vimedhoofika kwa sababu mfanya kazi wa nchi hii anadai mshahara mkubwa kuliko kazi yake. Neno hili limerudiwa mara nyingi hata wengine miongoni mwetu wameanza kulisadiki. Sisi hatulisadiki. Na sababu zetu hatukuzifuata mbali. Tumezipata hapa Tana River, katika mashamba ya Chewele na Bura, ambako kila mwenye macho aweza kuona jinsi kiwanda kinavyokufa kuanzia mizizini.

Tuanze na nguo yenyewe. Bibi zetu wa pwani walikuwa na kitambaa cheupe kigumu wakikiita merikani. Jina hilo lilitokana na nchi kilikotoka. Kililetwa Unguja na merikebu kutoka Salem, katika jimbo la Massachusetts, na vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hata 1865 vilipoizuia biashara ile, nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi yake. Zamani sana wafumaji walikuwapo Pate na Mogadishu, na nguo zao zilisifiwa, lakini kazi yao ilizimwa na nguo za mashine. Serikali ya kikoloni ilipokuja ikatutaka tulime pamba, lakini haikututaka tuifume. Pamba ilipaswa ichambuliwe, ifungwe marobota, ipelekwe Lancashire, kisha irudi dukani imekuwa shati.

Hapa kwetu kilimo cha maji ya mto kilianza vibaya. Skimu ya Hola ilianzishwa 1953 kwa mikono ya watu waliokuwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Tarehe 3 Machi, 1959, wafungwa waliokataa kazi ya kulazimishwa walipigwa, na watu 11 wakafa. Twalitaja jambo hili si kwa ajili ya kuomboleza tu. Mfanya kazi mwenzetu akumbuke kwamba mfereji wa kwanza wa pamba katika bonde hili ulichimbwa na watu wasiokuwa na ruhusa ya kusema hapana.

Uhuru ulipopatikana mambo yaligeuka, na ni haki tuseme yaligeuka kweli. Serikali iliingiza fedha zake katika viwanda vya nguo, ikaweka ushuru kwa nguo za kigeni, na bodi ya pamba ikanunua zao la mkulima. Kisumu palikuwa na KICOMI, Nanyuki palikuwa na kiwanda chake, na Eldoret pakajengwa Rivatex mwaka 1976. Jirani zetu wa Tanzania nao walifungua Urafiki pale Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Katika miaka ya 1980 viwanda vya nguo vya Kenya vilikuwa zaidi ya 50. Katika msimu wa 1984/85 nchi ilitoa marobota kama 70,000 ya pamba iliyochambuliwa, na hesabu hiyo haijafikiwa tena mpaka leo. Mtoto wa shule alivaa kaptura iliyolimwa, iliyosokotwa, iliyofumwa, iliyotiwa rangi na kushonwa ndani ya nchi hii.

Mradi wa Bura ulizaliwa katika matumaini hayo. Mwaka 1977 Benki ya Dunia ilikubali kuukopesha, pamoja na wafadhili wengine wa Ulaya. Ilikusudiwa zilimwe hekta 6,700, na familia zaidi ya 5,000 zipewe makao. Watu walianza kuwasili 1981 kutoka pande zote za Kenya, wakakaa pamoja na Wapokomo, Waorma na Wardei waliokuwapo tangu zamani. Kila familia ilipewa shamba la hekta moja na robo. Wengi walikuja na blanketi, sufuria na karatasi ya ahadi, wakakuta nyumba, joto na malaria.

Sasa tazameni kosa lilipoingia. Katika mpango wa kwanza maji yalikuwa yatoke mtoni yenyewe, kwa kuzuiwa na ukuta na kuteremka kwa mfereji. Ukuta huo ukaonekana ghali, ukaahirishwa. Badala yake zikawekwa pampu za dizeli kule Nanigi, kwa muda tu, wakasema. Hilo "kwa muda tu" likawa la siku zote. Kila tone la maji lililofika kwenye pamba likawa limenunuliwa kwa mafuta, na mafuta ya nchi kavu kama hii husafiri njia ndefu na mbaya. Gharama zikapanda, mradi ukapunguzwa mpaka hekta 2,500 hivi, na familia zilizopata makao hazikufika nusu ya zile zilizotajwa. Fedha hazikupungua kwa kadiri hiyo. Wataalamu wenyewe wameandika kwamba Bura ilikuwa miongoni mwa miradi ya maji iliyogharimu mno duniani kwa kila familia iliyowekwa.

Na pamba haingoji. Pampu ikiharibika majuma mawili wakati wa maua, vitumba huanguka, na hakuna dawa wala mbolea itakayovirudisha. Mkulima alikopeshwa kila kitu: kulimiwa na trekta, mbegu, dawa, maji. Akivuna, pamba ilipimwa, ikagawanywa safi na fifi, deni likakatwa kwanza, na kilichobaki akakingoja. Kama maji yalichelewa, pamba ilipungua, lakini deni la maji halikupungua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 pamba ya Bura ilikuwa imekwisha. Pampu zilichakaa, fedha za nje zilikoma, mashamba yakamezwa na mathenge, mti ulioletwa hapa uwe kuni na kivuli, nao ukageuka bwana shamba. Hola ilipatwa mapema kidogo: mwaka 1989 Mto Tana ulihama njia yake ukaacha mdomo wa pampu mkavu. Watu waliokuja kulima pamba wakawa wachoma makaa na wapokeaji wa mahindi ya msaada.

Ndugu, hapa ndipo tunapotaka mtusikilize. Mkulima wa Bura hakuwa na mshahara. Hakuwa na saa za ziada, wala likizo, wala nyumba ya kudai posho. Mke na watoto walichuma naye bila kuandikwa katika daftari lolote. Hola ilianza kwa kazi ya kulazimishwa, ambayo ni rahisi kuliko zote. Kama mshahara ndio unaoua viwanda, basi mashamba haya mawili yangekuwa yamestawi kuliko yote katika Afrika. Lakini haya ndiyo yaliyotangulia kufa, na kinu cha kuchambulia pamba kikafuata kwa kukosa cha kuchambua. Mashine za kusokota kule mjini nazo haziwezi kusokota hewa. Zikaanza kutegemea pamba na nyuzi za kununua nje, kwa fedha za kigeni na kwa umeme wa bei ya juu.

Wakati mizizi imekatwa hivyo, mlango ukafunguliwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, kwa masharti ya wakopeshaji, serikali ililegeza vizuizi vya bidhaa za nje, na mnunuzi aliyekuwa bodi akawa ye yote mwenye gunia. Mitumba ikaingia kama mafuriko ya Tana. Hatutaki mtu asome hapa kwamba twawachukia wauza mitumba wa Gikomba na Kongowea. Nao ni wafanya kazi, tena wengi wao ni watu waliofungiwa milango ya viwanda, na mwenye watoto watano humvalisha mwanawe anachoweza kununua. Lakini shati lililokwisha lipiwa na mtu wa Ulaya haliwezi kushindana kwa haki na shati ambalo gharama yake yote lazima ilipwe hapa. Viwanda vikafungwa kimoja kimoja. Rivatex yenyewe ilisimama mwishoni mwa miaka ya 1990, ikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na ikafunguliwa upya kwa mashine mpya mwaka 2019.

Mtu atatuambia: mbona viwanda vya kushona vimeongezeka? Ni kweli. Tangu Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, makumi ya maelfu ya wenzetu, wengi wao wanawake, wamepata kazi Athi River, Mombasa na kwingineko. Lakini ulizeni kitambaa kinatoka wapi. Sehemu kubwa kinatoka Asia, kimekwisha kufumwa na kutiwa rangi, kinakatwa hapa, kinashonwa hapa, kinaondoka. Hakina hata uzi mmoja wa Chewele. Wenye viwanda hivyo walipewa miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni, na mwanzoni mwa 2003 wafanya kazi waligoma kwa maelfu kudai malipo na heshima. Kiwanda cha namna hiyo ni cherehani iliyoazimwa, na mwenyewe aweza kuja kuichukua. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilipatana kuondoa mitumba kidogo kidogo. Wafanya biashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, Kenya ikarudi nyuma upesi, na Rwanda iliyokataa kurudi ikaondolewa faida ya kuuza nguo Marekani bila ushuru mwaka 2018. Tujue basi tunapozungumza habari ya viwanda kwamba mkono wetu mmoja umeshikwa.

Wala tusidhani ni Mwafrika peke yake aliyepatwa. Hiyo Lancashire iliyochukua pamba yetu ilitoa yadi milioni elfu nane za nguo mwaka 1912, halafu ikaanza kuteremka. Huko nako wenye viwanda walikimbilia kukata mishahara. Mwaka 1959, mwaka ule ule wa mauaji ya Hola, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwalipa wenye viwanda wavunje mashine zao za kale, na vyama vya wafanya kazi vikasimama imara mpaka walioondolewa kazini nao wakapata fidia. Kiwanda kilikufa, lakini kilizikwa kwa hesabu. Kwetu hakuna aliyepitisha sheria ya namna hiyo kwa ajili ya wafanya kazi wa nguo, na mkulima wa Bura hata hakuhesabiwa kuwa amepoteza kazi.

Sasa yanasemwa tena maneno ya kufufua. Mwaka 2017 serikali ilitangaza kwamba viwanda vitatoa asilimia 15 ya pato la nchi ifikapo 2022. Mwaka ule ulipofika havikufika asilimia 8. Skimu ya Bura ilirudishwa chini ya bodi ya taifa ya umwagiliaji mwaka 2005, mahindi ya mbegu yakalimwa, na kazi ya kuchimba mfereji mkubwa wa kuleta maji bila pampu, yaani ule uliokusudiwa tangu 1977, hatimaye ikaanzishwa. Twaifurahia. Lakini maji peke yake hayatarudisha pamba. Robota haliendi Eldoret kwa miguu, na mkulima aliyeumwa na nyoka mara moja ataogopa hata ung'ongo.

Kwa hiyo twadai, na tutaendelea kudai, kwamba pamba ikirudi katika bonde hili mkulima alipwe siku anapopima, si baada ya kinu kuuza. Maji yasipofika kwa kosa la uendeshaji, deni la maji la msimu huo lifutwe. Nguo za polisi, za jeshi, za hospitali na za shule za serikali zifumwe kwa pamba ya nchi hii kwanza, maana hapo ndipo penye soko ambalo hakuna mgeni wa kutulalamikia kwa urahisi. Na mtu wa shamba, mtu wa kinu na mtu wa kiwanda wakae katika mkutano mmoja bei inapopangwa. Mpaka leo kila mmoja huitwa peke yake, akaambiwa kwamba mwenzake ndiye anayekula faida.

Twaomba matawi yote yayajadili madai haya kabla ya mkutano ujao. Na kila tawi lenye wazee waliofanya kazi katika vinu vya pamba, katika kusokota, kufuma au kutia rangi, lituletee orodha ya kazi walizofanya na mashine walizoshika. Siku kinu kitakapowashwa watatafutwa watu wanaojua kurekebisha mashine ya kuchambulia na kutambua pamba safi kwa kuishika, na wazee hao wanapungua kila mwaka.